Mishono na Majibu: "Zamani" ni Mwaka Gani?

SWALI: Tuna dansi ya vinyago, kila mgeni achague mhusika wa filamu na amvishe mavazi ya kizamani. Mimi ni Dorothy wa The Wizard of Oz (1939). Nataka sketi iliyotuna nyuma na nywele ndefu za unga. Nianzie wapi, na ninunue mita ngapi? – Msomaji, Kizingo

JIBU: Anza kwa kuziacha hizo nywele, dada. Zile ni za miaka ya 1770. Sketi iliyotuna nyuma kama rafu ni ya 1883 hadi 1889 hivi. Ukichanganya karne mbili, na filamu juu yake, hakuna atakayekutambua. Shika 1885.

Dorothy hutambulikana kwa kitambaa cha drafti, yaani cha miraba ya samawati na nyeupe, mikono myeupe na viatu vyekundu vya puleki. Hivyo viache vilivyo. (Katika kitabu cha 1900 viatu ni vya fedha, lakini wewe umealikwa kwa filamu.) Kinachobadilika ni umbo.

Drafti utaipata Mtaa wa Biashara kwenye vitambaa vya sare. Miraba isizidi sentimita 1, la sivyo utafanana na meza ya hoteli. Chukua pamba tupu: ndani yake kuna magaguro mawili, na joto letu unalijua. Kwa upana wa sentimita 150, nunua mita 8: sketi ya chini 3, ya juu ya kukunjakunja 2.5, kiwiliwili 1.5, na 1 ya kulinganishia miraba kwenye mishono. Mikono na kola vikatwe kwa pamba nyeupe.

Fremu ya kuitunisha sketi nyuma ndiyo kazi yenyewe. Kata gaguro la marikani, kisha upande wa nyuma shona mapindo matatu ya nusu duara: la kwanza sentimita 15 chini ya kiuno, mengine kila baada ya 12. Pitisha humo mkanda wa chuma wa kufungia makasha, vipande vya sentimita 60, 68 na 75. Ule wa plastiki hulegea kwa uzito wa kitambaa. Kwa ndani, funga kanda za kitambaa kutoka ncha hadi ncha ya kila chuma. Hizo ndizo zinazokipinda. Bila kanda, chuma hunyooka na sketi hutanuka ubavuni. Ncha zipigwe tupa na chuma chote kiviringishwe tepu, maana jasho huleta kutu na doa la kutu ni vigumu kulitoa. Juu yake vaa gaguro la pili lenye marinda, ama vyuma vitajichora kama mbavu.

Usimruhusu fundi apime urefu kabla hujavaa fremu na viatu. Nyuma huhitaji kama sentimita 10 zaidi ya mbele. Upindo uache sentimita 5 toka sakafuni: sketi za kutembelea za wakati ule hazikuburura, na viatu lazima vionekane.

Kwenye tuktuk utakaa upande.

SWALI: Puleki nilizogundisha kwenye viatu hubanduka zote vidoleni. Kwa nini? – Msomaji, Likoni

JIBU: Ngozi inayong'aa haishiki gundi, na hapo ndipo mguu hukunjika. Piga msasa, paka rangi nyekundu ili mianya isionekane, kisha shonea puleki kwenye wavu mwembamba na ugundishe wavu. Gundi ya viatu ipakwe pande zote mbili na iachwe hadi inate kidoleni ndipo ubandike.