Fiano di Avellino: mle na nini?

Dada, umeuliza hiyo chupa ya mvinyo mweupe wa Fiano di Avellino mliyoletewa iende na chakula gani. Jibu langu la kwanza ni spageti kwa kombe, vile wanavyopika Napoli: kitunguu saumu kwenye mafuta ya zeituni, kombe na maganda yake, funika mpaka yafunguke, mwagia mvinyo kidogo, malizia na majani ya pasli. Jibini usiweke kabisa, itaua ladha ya bahari.

Mvinyo huu unatoka vilima vya Irpinia, mkoa wa Campania, kusini mwa Italia. Huko usiku kuna baridi, ndiyo maana zabibu zinabaki na uchachu mzuri ingawa ni kusini. Ukinusa utapata asali, peasi, na kwa mbali njugu za hazelinati zilizokaangwa. Ladha ni nzito kuliko mvinyo mweupe mwingi, kwa hiyo haizidiwi na pweza wa kuchoma, kamba, hata kuku wa limau. Jibini laini ya mozzarella ya maziwa ya nyati wa kufugwa, ya hukohuko Campania, nayo inakaa nao vizuri sana. Pilipili kali ndiyo ningeiepuka.

Tafadhali usiugandishe! Nyuzi 10 hadi 12 zinatosha. Utoe kwenye friji robo saa kabla ya kula, maana ukiwa baridi mno ile harufu ya asali huisikii. Na kama chupa ina miaka mitatu minne usiogope, Fiano hukaa vizuri.