Uliza Fundi wa Magobore: Mtutu wa huku, kitako cha kule

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina magobore mawili ya kampuni ya Thompson/Center, moja aina ya Hawken moja Renegade. Hawken kitako kimepasuka pale shingoni, Renegade mtutu umeliwa na kutu mpaka ndani. Nikawaza si nichukue mtutu mzima niupachike kwenye kitako kizima nipate moja la maana? Jamaa yangu anasema mitutu yote ina kulabu nyuma inayonasa kwenye kitako, unachomoa kabari unapachika, imeisha hiyo. Kweli?

JIBU: Kuhusu kulabu jamaa yuko sawa, kuhusu "imeisha" hapana. Ile kulabu iliwekwa ili mtutu utoke kirahisi ukauoshe, maana baruti nyeusi inaacha uchafu mwingi na usipoosha ndo hiyo kutu ya Renegade yako.

Sasa chukua rula. Mtutu wa Hawken ni wa pembe nane, upana wake toka ubapa mpaka ubapa ni 15/16 ya inchi, wa Renegade ni inchi 1 kamili. Kwa hiyo mtutu wa Hawken utazama vizuri tu kwenye mtaro wa kitako cha Renegade na hapo ndo watu wengi wanadanganyika, kuingia siyo kukaa, unabaki na nafasi ya 1/32 ya inchi kila upande na mtutu unachezacheza. Alafu Hawken inashikwa na kabari mbili, Renegade moja, so lile sikio la mbele chini ya mtutu halina tundu la kabari linaloliangalia na pengine litagoma kwenye mbao. Mdeki (ile fimbo ya kushindilia risasi) nao hautatosha urefu, Hawken ina mtutu wa inchi 28 na Renegade 26. Ukigeuza mambo, mtutu wa Renegade kwenye kitako cha Hawken, hauingii kabisa mpaka uchonge mbao.

Ila yote hayo fundi mwenye subira anaweza kuyarekebisha. Kinachonitisha mimi ni pale nyuma. Ukifyatua, teke lote linapita kwenye kulabu linaingia kwenye kile chuma kilichofungwa juu ya shingo, ndo liende kwenye mbao. Kukiwa na uwazi hata kidogo mtutu unarudi nyuma kwa kishindo kila risasi na mbao inapasuka shingoni, na sitashangaa kama Hawken yako ilipasuka hivyohivyo. Kupima ni rahisi, kwanza hakikisha gobore ni tupu, ingiza mdeki mpaka mwisho uweke alama mdomoni, kisha uulaze nje ya mtutu uone kama unafika nyuma kabisa, ukiishia mbali ujue kuna kitu ndani. Alafu pakaza masizi ya mshumaa kwenye kulabu, pachika, toa, angalia chuma kimegusa wapi. Masizi yakifutika kona moja tu hapo hamna kitu. Na tafadhali usishike tupa ukaanza kukwangua kulabu, chuma ukishakitoa hakirudi.

Cheki pia nyundo inapigaje fataki (kile kikofia kinachowasha baruti). Lazima itue katikati ya chuchu, yaani kile kichuma kinachovalishwa fataki, ikitua pembeni vipande vya fataki vinakurukia usoni.

Mimi ningetafuta kitako cha Hawken kwa ajili ya mtutu wa Hawken basi. Faida yake baadae unaweza kuongeza mtutu wa .45 kando ya .50 (huo ni upana wa tundu kwa inchi) kwenye kitako hichohicho, maana nje vina upana mmoja (usishangae .45 ikiwa nzito zaidi, tundu lake ni dogo so chuma kimebaki kingi).

SWALI: Mi nipo Marekani natumia Encore, bunduki ya Thompson/Center ya kukunja, nabadilisha mitutu kwenye fremu moja. Nikifunga mtutu wa gobore kisheria si inakuwa gobore tu?

JIBU: Hapana mdau. Kubadilisha kwenyewe ni halali yake, unatoa mbao ya mbele unasukuma pini ya bawaba mtutu unatoka, imeundwa hivyo. Lakini sheria ya shirikisho inapotaja silaha za kale inaziondoa zile zilizojengwa juu ya fremu ya bunduki ya kawaida, na fremu ya Encore inapokea mitutu ya risasi za ganda, kwa hiyo inabaki bunduki hata ukifunga mtutu gani. Majimbo nayo yana sheria zao, ulizia za kwako. Na usije ukajaza baruti isiyo na moshi (ile ya kisasa ya risasi za ganda) kwenye ule mtutu wa gobore eti kwa sababu fremu ileile inabeba risasi kubwa, fremu huenda ikahimili ila mtutu haukutengenezwa kwa presha hiyo.