Mtawa Laurence si mjinga

Mdogo wangu wa Jinja, umeuliza kama Mtawa Laurence wa Romeo na Juliet, tamthilia ya Shakespeare, umwigize kama mjinga au kama mwovu. Si mjinga, si mwovu. Anapokubali kuwaoza anasema wazi: ndoa hii huenda ikapatanisha koo zao mbili zenye uhasama. Nia safi. Ila anaifungisha kwa siri, na kwetu hata senga, yaani shangazi, angeuliza kwanza, wazazi wanajua?

Halafu ile dawa. Juliet hajatimiza hata miaka 14, mtawa anampa kichupa cha kumlaza kama maiti kwa saa 42, na mpango wote unaning'inia kwenye barua moja ya kumjulisha Romeo. Aliyetumwa kuipeleka anafungiwa ndani kwa hofu ya tauni. Sisi tuliokaa karantini mwaka 2020 hatuhitaji kuelezwa.

Nguvu zako ziweke pale kaburini. Juliet ameamka, Romeo kashakufa, nje kuna kelele za walinzi, na mtawa anasema hathubutu kubaki. Anamwacha peke yake na jambia la mumewe! Usitoke mbio. Mshike mkono, mvute, tega sikio, kisha mwachie taratibu. Mazoezini jaribuni kwanza bila maneno.