Kidhibiti cha joto kinatulia asubuhi na kuyumba jioni

Swali: Mimi ni fundi katika kiwanda kidogo cha maziwa nje ya mji wa Moshi. Asubuhi tunapitisha lita 1,000 kwa saa na joto linatulia kwenye nyuzi 74. Jioni tunapitisha lita 400, na joto linapanda na kushuka kati ya 70 na 78, hivyo vali inayorudisha nyuma maziwa ambayo hayajapata joto la kutosha inafunguka kila mara. Aliyetufungia kidhibiti cha PID (kifaa kinachofungua na kufunga vali ya mvuke kwa kufuata namba tatu, P, I na D, anazoziweka fundi) anashauri tupandishe lengo, yaani joto tunaloagiza kifikie, hadi nyuzi 80. Tufanye hivyo?

Jibu: Msifanye hivyo. Joto litaendelea kuyumba, ila sasa litayumba juu zaidi: maziwa yatapata ladha ya kuungua, ukoko utaganda upesi kwenye bamba za kupashia, na boila itakula kuni bure. Nyuzi 72 kwa sekunde 15 ndizo zinazohitajika kuua vijidudu, na akiba yenu ya nyuzi 2 inatosha pale kidhibiti kinapotulia.

Imani inayonisumbua katika viwanda vingi ninavyoitwa, Arusha na Moshi, ni kwamba hali ya uendeshaji ni ile namba ya lengo peke yake. Hali ya uendeshaji ni lengo, mtiririko, joto la maziwa yanayoingia, shinikizo la mvuke na kiasi ambacho vali ya mvuke imefunguka, vyote kwa pamoja. Mvuke unaopandisha joto la lita 1,000 kwa nyuzi 2 utapandisha lita 400 kwa nyuzi 5, kwa sababu unapasha maziwa machache zaidi. Na maziwa hayo yatachukua muda wa mara mbili na nusu kukifikia kipima joto. Kidhibiti kilichozoeshwa kuona matokeo mapema kinaongeza mvuke, hakioni kitu, kinaongeza tena, kisha kinalazimika kuupunguza kupita kiasi. Wapo wanaosema kosa ni kujaribia kidhibiti kwa maji badala ya maziwa wakati wa kukipangia namba zake. Sikubaliani nao: maji na maziwa yanakaribiana sana katika kupokea joto, na kosa lilikuwa kujaribu kwa mtiririko mmoja tu.

Siku ya usafi, pitisheni maji kwa lita 400, yakiingia na joto lilelile la maziwa, na mngoje hadi nyuzi 74 zitulie. Wekeni kidhibiti kwenye hali ya kuendeshwa kwa mkono, fungueni vali ya mvuke kwa asilimia 3 au 5 tu, kisha andikeni joto limepanda kiasi gani na limechelewa sekunde ngapi. Ifungeni kwa kiasi hichohicho, muandike tena, halafu rudieni yote kwa lita 1,000. Vipimo hivyo ndivyo vya kukokotolea namba za P, I na D. Kama kidhibiti kinapokea seti moja tu ya namba, tumieni za lita 400. Asubuhi kitakuwa kizito kidogo, lakini hakitayumba. Kama kinapokea seti mbili, kila mtiririko upewe yake.

Kanuni za kukokotoa namba hizo, walizotoa wahandisi Ziegler na Nichols mwaka 1942, zenyewe zinaanza na kipimo kilichochukuliwa kwenye mtambo husika. Anayetuma picha ya namba za P, I na D kutoka kiwanda kingine, au anayebonyeza kitufe cha kujirekebisha wakati mtambo hauna mzigo kisha akadai malipo, hajafanya kazi hiyo. Kabla ya kumlipa fundi yeyote, mwombeni karatasi inayoonyesha mtiririko, joto la kuingia na ufunguzi wa vali wakati wa jaribio. Aliyewafungia hicho kidhibiti mwombeni karatasi hiyo leo.