Maji Yakikupwa Siku ya Ubatizo: Majibu kwa Wasomaji

"Bwana asifiwe. Mara mbili mwaka huu tumetoka ibadani na wabatizwa, tukafika pwani kama saa nne asubuhi, tukakuta bahari imekupwa mbali. Safari ya pili tuliamua kuwabatiza kwenye maji ya magoti, na bibi mmoja akaumia mgongo. Tunakosea wapi?" (Kiongozi wa vijana, Mwanakwerekwe, Unguja)

Poleni, na mfikishieni bibi salamu zetu. Mmekosea mwezi. Pwani zetu zina ada yake: mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, yaani siku za bamvua, maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo hukaribia mita 4. Kila siku inayofuata maji huchelewa dakika 50 hivi, kwa hiyo baada ya wiki moja mambo hugeuka: saa nne asubuhi ndipo maji yanapojaa. Hayo ni maji mafu, ya siku ya saba au ya nane tangu mwezi kuandama, na tena siku ya ishirini na mbili. Hupanda na kushuka kidogo, hayana mkondo mkali, na yanakupeni nafasi ya kubatiza bila kukimbizana na bahari.

Basi msiufunge ubatizo kwenye Jumapili ya kwanza ya mwezi kama mnavyofanya Meza ya Bwana. Chukueni kalenda yenye tarehe za Kiislamu, tafuteni Jumapili iliyo karibu na tarehe 8 au 22, halafu muulizeni mvuvi wa pwani hiyo hiyo. Jedwali la maji ni zuri, lakini mvuvi anajua na upepo. Kusi ikivuma, Juni na Julai, upande wa mashariki huchafuka, na magharibi, kuanzia Bububu hadi Fumba, huwa na utulivu zaidi. Kule Paje na Jambiani kuna jambo jingine: vigingi na kamba za mwani. Kundi la watu arobaini likipita juu yake linaharibu riziki ya mama mmoja ya miezi kadhaa, na ubatizo usianze hivyo. Mjini, jiepusheni na midomo ya mitaro baada ya mvua.

Siku moja kabla, maji yakiwa yametoka, vijana wawili wavae viatu wakaikague chini. Waondoe chupa, watazame mawe na wale viumbe wa miiba mirefu myeusi, kisha wachomeke mti mahali penye mchanga mtupu. Kesho yake kila mtu atajua pa kusimama.

Kina kinachofaa ni kati ya kiuno na kitovu cha mtu mzima. Katika maji ya kiuno bahari yenyewe inambeba mbatizwa, na mchungaji anamwongoza tu. Katika maji ya magoti hakuna kinachombeba, kwa hiyo mchungaji anainua uzito wote, kilo 70 au 80, kwa mgongo uliopinda. Hapo ndipo watu wawili huumia kwa mpigo mmoja.

Mbatizwa asimame mgongo wake ukielekea bahari kuu, ili wimbi limjie kwa nyuma. Likimjia kwa miguuni humwingia puani. Akunje mikono kifuani, ameshika kitambaa cha kuziba pua. Mchungaji, aliye ubavuni, ashike mikono hiyo kwa mkono mmoja, na mwingine autandaze kati ya mabega. Baada ya maneno "kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu", mbatizwa akunje magoti ajiachie nyuma kama anayeketi kwenye kiti. Kosa kubwa ni kukaza magoti: miguu huruka juu, uso hubaki nje, na mchungaji huanza kusukuma. Fanyeni zoezi hili darasani, nchi kavu, Jumamosi. Bibi kama huyu wenu apige magoti kwenye maji ya kina hicho hicho na ainamishwe mbele. Hakuna andiko linalolazimisha mtu alazwe chali.

Kuhusu mavazi, rangi nyeupe nyembamba ikilowa huonyesha mwili, na katika visiwa hivi hilo halikubaliki, wala sisi hatulitaki. Shoneni kanzu za kitambaa kizito cha rangi nzito, zifike kwenye vifundo vya miguu, na upindo ushonewe vyuma vidogo au risasi za mshipi ili isielee. Kina mama wawili wasubiri ukingoni na kanga kavu zimekunjuliwa tayari. Mwambieni sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, mapema, acheni spika nyumbani, na mwezi wa Ramadhani msigawe chai na mandazi ufukweni.

"Kanisa letu linataka kujenga birika la ubatizo ndani, kwa sababu pwani ya karibu ni mikoko na matope. La kwanza tulilojenga linavuja. Vipimo vipi vinafaa, na kwa nini maji yanatoroka?" (Shemasi, Chake Chake, Pemba)

Kwa ndani, ukiacha ngazi, jengeni urefu wa mita 2.2, upana mita 1.2, na kina cha maji mita 1. Hizo ni lita 2,640, sawa na ndoo 132 za lita 20, na uzito wake unapita tani mbili na nusu. Kwa hiyo likae juu ya ardhi imara au lichimbwe chini ya sakafu ya mimbari, na kamwe lisiwekwe juu ya dari au ghorofa isiyopigiwa hesabu na fundi mhandisi. Ukuta uzidi maji kwa sentimita 20. Watu wawili wakiingia hupandisha maji kama sentimita 5, na mtu akizamishwa mawimbi hupanda zaidi. Ngazi ziwe pande mbili, moja ya kuingilia na moja ya kutokea, kila kipandio kisizidi sentimita 18, kiwe cha kukwaruza na kisipakwe rangi ya mafuta inayoteleza.

Sasa uvujaji. Mara nyingi maji hutoka pale ukuta unapokutana na sakafu, kwa sababu sakafu ilimwagwa leo na ukuta ukajengwa wiki ijayo, vikabaki vipande viwili vilivyogusana tu. Nondo za sakafu zipinde zipande ukutani, na kona ya ndani ijazwe saruji kwa mviringo badala ya kuachwa kali. Sababu ya pili ni mchanga wa pwani. Chumvi yake hula nondo, nondo ikishika kutu huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani. Lipu ya juu haiwezi kuziba ufa unaosukumwa na chuma. Sababu ya tatu ni bomba la kutolea maji lililopenyezwa baadaye kwa kutoboa ukuta.

Kabla ya kubomoa, pimeni kwanza. Jazeni birika, wekeni alama ya penseli kwenye usawa wa maji. Chukueni ndoo, ijazeni maji hayo hayo, ikalisheni kwenye kipandio cha juu, nayo mtie alama. Baada ya saa 24 linganisheni. Ndoo ikishuka milimita 2 na birika milimita 2, ni hewa imekunywa maji. Birika likishuka zaidi ya ndoo, linavuja. Likiacha kushuka kwenye usawa fulani, ufa uko hapo hapo.

Zege jipya limwagiliwe siku 7, na birika lisijazwe kabla ya siku 28. Maji ya kwanza yamwageni, maana saruji mbichi huwasha ngozi. Baada ya ubatizo toeni maji siku ile ile kwenye migomba. Maji yakikaa wiki moja mnafuga mbu wa homa ya dengi. Birika liwe na mfuniko wa mbao wenye kufuli, kwa sababu watoto wa Shule ya Jumapili hawakosi kuchungulia.

Na hili tunaliandika kwa msisitizo: kipaza sauti chenye waya kisimkaribie aliye ndani ya maji. Mwaka 2005, katika mji wa Waco, Texas, mchungaji wa Kibaptisti alikufa mbele ya waumini wake kwa kushika kipaza sauti akiwa ndani ya birika. Mchungaji apaze sauti yake mwenyewe, kanisa linyamaze lisikilize.

"Jirani yangu aliniuliza kwa wema: nyinyi na wale wa Mkunazini ni wamoja? Na mbona watoto wenu hambatizi? Nilibabaika." (Mama, Kisauni)

Mama yetu, mwambie ni ndugu lakini nyumba mbalimbali. Kanisa la Mkunazini ni la Kianglikana, letu ni la Kibaptisti. Wamisionari wake walifika Unguja 1864, na jiwe la msingi liliwekwa 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lilipofungwa mahali pale. Tuna deni kwao na kwa wenzao wa Mombasa, kwani Biblia ya Muungano ya 1952 ilitokana na kuunganisha tafsiri ya Kiunguja na ya Kimvita.

Wabaptisti walianza Amsterdam mwaka 1609, kwa Waingereza waliokimbia nchi yao wakiongozwa na John Smyth na Thomas Helwys. Walisema ubatizo ni wa mtu aliyeamini na kukiri kwa kinywa chake. Mtoto mchanga hawezi kukiri, basi tunamweka wakfu mikononi mwa wazazi na kumwombea, akikua ataamua. (Wale wa kwanza walimiminiwa maji, kuzamishwa kulishika miongoni mwa Wabaptisti wa London kama mwaka 1641.) Bara walifika wamisionari wa Kibaptisti kutoka Marekani mwaka 1956.

Lakini jambo ambalo jirani yako angependa kulisikia ni hili. Helwys alirudi London, na mwaka 1612 akachapisha kitabu akimwambia mfalme kwamba yeye ni mwanadamu, hana mamlaka juu ya roho za watu. Hakuwatetea Wabaptisti peke yao. Aliwataja Mayahudi, na Waturuki, jina ambalo Waingereza wa siku zile waliwaitia Waislamu, kwamba nao hakuna serikali yenye haki ya kuwaadhibu kwa imani yao. Alifungwa gereza la Newgate, na kufikia 1616 alikuwa amekufa. Mbaptisti anayemdharau jirani yake Mwislamu amesahau huyu mzee alifungwa kwa ajili ya nini. Na ndiyo maana hatumburuti mtu majini, awe mtoto wetu au mtu wa nje.

"Divai ya Meza ya Bwana hatutaki, na juisi ya zabibu ya dukani ni ghali. Tutumie nini?" (Wete)

Chukueni zabibu kavu gramu 250, zioshwe, zichemshwe kwa maji lita moja na robo dakika 20, zilale humo usiku kucha, kisha zikamuliwe kwa kitambaa safi. Mtapata karibu lita moja, ambayo kwa vikombe vya mililita 15 inatosha watu 60 na ushee. Zipikwe Jumamosi. Za Alhamisi, kwa joto letu, Jumapili zimeshaanza kuchachuka, na mtakuwa mmepata ile ile mliyoikimbia.

"Nimehamia Nungwi kwa kazi ya hoteli kutoka Mbeya. Kanisa limeniomba barua. Je, ubatizo wangu hautoshi?" (Msomaji)

Unatosha, hubatizwi tena. Barua ni suala la ushirika. Kwetu kanisa la mahali ndilo linalopokea na kuaga washirika kwa kura, kwa hiyo kanisa la Mbeya lazima likuruhusu ndipo la huku likupokee. Barua itaje tarehe na mahali ulipobatizwa, hali yako ya ushirika, na huduma uliyofanya, isainiwe na mchungaji na katibu. Jibu la kupokelewa lirudi Mbeya, la sivyo utahesabiwa sehemu mbili. Ukiwa na zamu za Jumapili hotelini, sema mapema, ushirika wa nyumbani wa jioni upo kwa ajili hiyo.

"Tunataka kuandika historia ya kanisa letu. Daftari la zamani limeliwa na mchwa, na wazee wanatofautiana miaka." (Katibu, Unguja)

Anzeni na mabaki ya hilo daftari. Kila ukurasa unaosomeka upigwe picha mchana, kwenye kivuli, bila mwako wa simu, na nakala zikae kwa watu watatu. Msizigundishe kurasa kwa gundi ya karatasi, itaziharibu zaidi.

Mzee msimwulize "ilikuwa mwaka gani?" Mwulizeni kwa mambo aliyoyaishi. Ilikuwa kabla ya mvua za El Nino za 1997 na 1998, au baada? Umeme ulikuwa umezimika Unguja, ile miezi ya Desemba 2009 hadi Machi 2010, au ulikuwa umerudi? Mtoto wake yupi alikuwa mgongoni? Mhojini kila mzee peke yake, kwa sababu wakikaa pamoja mwenye sauti kubwa hushinda. Wakibaki wanatofautiana, andikeni kauli zote mbili na wasemaji wake.

Kiwanja nacho kina historia. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya serikali tangu baada ya Mapinduzi, na kanisa lina haki ya kuitumia tu, kwa hiyo tafuteni hati, majina ya wadhamini na tarehe. Mara nyingi hati hiyo ndiyo yenye tarehe sahihi kuliko kumbukumbu zote.

Mtakapofika kwenye orodha ya waliobatizwa, simameni. Yumo aliyeingia kwa kuacha dini ya wazazi wake, na ana mama, ana kaka, ana mtaa. Jina lake lisichapishwe bila idhini yake ya maandishi, hata kama ni la miaka thelathini iliyopita. Andikeni idadi, "wanane walibatizwa", na majina yabaki kwenye daftari, ndani ya sanduku la bati lililoinuliwa kutoka sakafuni, ufunguo mmoja kwa katibu na mmoja kwa shemasi.