Bakora na Ngoma

Lamu, Langoni

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Huku sote tu wazima, alhamdulillahi. Bibi yako anakusalimu na anauliza utakuja lini.

Juzi kwenye simu uliniuliza: “Baba, kwa nini usiende tu na simu yako kwenye Maulidi, ukapiga video ya goma, ukamaliza? Miezi minne unaandika programu ya dakika mbili, ya nini?” Dukani kulikuwa na mteja, nikakujibu haraka haraka. Usiku huu nimekaa nikujibu sawasawa.

Video ingenionyesha wachezaji wa goma wakishusha bakora zao pamoja na ngoma. Hilo nimeliona tangu utotoni, kila Maulidi. Nilitaka kujua ni nini kinachozifunga pamoja, na sikuona njia ila kuvijenga vyote viwili mwenyewe, bila picha iliyopigwa wala sauti iliyorekodiwa. Demo ni hiyo: programu inayochora na kupiga muziki papo hapo, upya, kila unapoiendesha.

Chukua ngoma. Ni wimbi moja linaloanza na mitetemo 180 kwa sekunde, likaporomoka hadi 55 kabla hujapepesa jicho, huku likififia. Wiki nzima nilikuwa nabadilisha kasi ya kuporomoka, mpaka usiku mmoja nikaisikia ngozi. Bakora nayo ni hesabu ya umbali. Kadi ya michoro huiuliza kila nukta ya kioo: uko mbali gani na mstari huu? Iliyo karibu hupata rangi ya mti, iliyo mbali hubaki giza. Kioo changu kina nukta 2,073,600, na zote huulizwa mara 60 kwa sekunde.

Kuzikutanisha ndiko kulikonitoa jasho. Kwanza nilihesabu picha: kila baada ya picha 30, bakora ishuke. Kwangu ilikwenda vizuri. Nilipoihamishia kompyuta kuukuu ya dukani, isiyoweza kutoa picha 60 kwa sekunde, ngoma ilikwisha na bakora bado ziko hewani. Nikaacha kuhesabu picha, nikafuata saa ya kompyuta. Sasa bakora zikawa zinatangulia, kidogo tu, lakini mtu yeyote wa Lamu angeona kwamba mchezaji huyu hasikii ngoma.

Kosa lilikuwa langu. Sauti haitoki pale unapoiandika. Hukaa kwanza kwenye bafa ikingoja zamu yake. Bafa yangu ilibeba sampuli 4,096, yaani namba ndogo ndogo zinazochora wimbi la sauti, na kadi ya sauti hucheza 44,100 kwa sekunde, kwa hiyo nilikuwa nachora kitu ambacho sikio lingekipata karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde baadaye. Tena saa ya kompyuta na saa ya kadi ya sauti hazendi sawa kabisa. Ukiziacha, zinaachana polepole. Dawa ni kuifanya sauti iwe ndiyo saa. Kompyuta yangu huendeshwa na mfumo wa Linux. ALSA, sehemu ya Linux inayoshughulikia sauti, ukiiuliza snd_pcm_delay inakwambia ni sampuli ngapi bado hazijasikika. Toa hizo katika ulizokwisha kuandika, na bakora ifuate jibu hilo. Mpiga ngoma ndiye anayeongoza, mama. Wazee wetu wa goma walilijua hilo bila ya kuambiwa na kompyuta.

Nimechagua Linux kwa sababu hapo nilipokwama niliufungua msimbo wenyewe wa ALSA, yaani maandishi ya programu yake, nikausoma hadi nikaelewa. Hakuna aliyenizuia wala kunidai pesa. Linus Torvalds aliianza Helsinki mwaka 1991, na huko huko Ufini vijana wa demo wamekuwa wakikutana kwenye tamasha lao, Assembly, tangu 1992. Wapo wanaoshindana kwa programu nzima, picha na muziki, isiyozidi baiti 4,096. Barua hii peke yake inakaribia kiasi hicho. Mwaka 2020 Ufini iliiandika sanaa hii katika orodha yake ya taifa ya urithi hai, na nilifurahi mno, maana nimeishi katika mji ulioandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001 na sikupata kufikiri kwamba kazi yangu ya usiku nayo ni urithi wa watu fulani.

Ukitaka kuonja, andika programu kwa lugha ya C inayotoa namba moja baada ya nyingine, uzimwage kwa bomba, ile alama ya |, ndani ya aplay, programu ndogo ya Linux ya kucheza sauti. Usipoiambia neno, aplay huzicheza namba 8,000 kwa sekunde. Mwanzo utasikia kelele. Endelea kubadilisha hesabu.

Msimbo wangu wote nimekutumia. Tafuta mahali ninapotoa ucheleweshaji wa sauti, ufute mstari huo, uendeshe, utazame bakora. Kisha uurudishe, utazame tena, unipigie.

Babako