Muzigo si mzigo: kwa mnaokuja kusoma Kampala

Wadogo zangu mnaotoka Tanzania, anzeni na neno hili. Nilipofika Wandegeya, dalali aliniambia ana "muzigo" mzuri. Nikamjibu mzigo ninao, begi hili hapa. Kumbe muzigo huku ni chumba cha kupanga. Tulicheka, nikalegea, nikampa kodi ya miezi mitatu bila risiti. Wiki ya pili akaja mpangaji mwingine na ufunguo wake, naye amelipa. Dalali simu haipatikani. Basi usitoe hata shilingi kabla hujaonana na mwenye nyumba uso kwa uso, na umchukue mwenyeji akusemee.

Kosa letu kubwa ni kudhani Kiswahili kitatubeba. Ni kweli, tangu katiba ya Uganda irekebishwe mwaka 2005 kinatajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Lakini sokoni Owino katiba haiuzi nyanya. Wazee wengi walikisikia kwanza midomoni mwa askari wa Amin, kwenye vizuizi vya barabarani, na sikio halisahau upesi. Shikamoo yangu kwa mama mmoja muuzaji ilipokelewa kwa kimya, na bei ikapanda. Nilipojifunza kusema kwa Kiganda "Gyebale ko, nnyabo", yaani pole na kazi, mama (mwanamume ni ssebo), mama yule yule akaniongezea vitunguu viwili. Jifunze salamu kabla ya namba.

Ila Kiswahili hicho hicho kilinipa kiti. Mzee fundi viatu aliposikia natoka Tanga aliacha kushona. "Omukomboozi!" Ndivyo walivyowaita wanajeshi wetu walioingia Kampala Aprili 1979. Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini chai yake niliinywa, na soli hakunitoza.

Mengine utayazoea: teksi ni daladala, ugali ni posho, na rolex ni chapati iliyoviringishiwa mayai. Pasi ya mwanafunzi angalia tarehe zake mwenyewe, usingoje chuo kikukumbushe.

Upweke ndio sina dawa yake. Idi ya kwanza niliila peke yangu, kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa na maharage, nikiwa nimefunga mlango nisionekane nalia. Malaria iliponishika, jirani Mganda ambaye hata jina lake nilikuwa silijui alinipikia uji siku tatu.

Likizo iliyopita, Tanga, nilimwambia konda, "Ssebo, nishushe hapo." Akaniuliza natokea nchi gani.